Mita Kumi za Mwisho: Utangulizi wa Elimu ya Mtandao wa Nyumbani

Elimu unayoingia bado ni changa. Vyuoni wanaiweka pembezoni mwa uhandisi wa mawasiliano, na mitaani watu wanaichukulia kuwa kazi ya fundi anayekuja na ngazi, drili na boksi, kisha akaondoka baada ya nusu saa. Inashughulika na swali moja: intaneti ikishafika kwenye ukuta wa nyumba, inamfikiaje mtu aliyekaa chumbani na simu mkononi? Umbali wenyewe ni mita kumi, pengine kumi na tano. Nyuma ya mita hizo kuna maelfu ya kilomita za nyuzi za kioo zilizolazwa baharini na kufukiwa kandokando ya barabara, na kasi iliyosafirishwa kwa gharama zote hizo mara nyingi inafia sebuleni.

Mifano nimeichukua Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wanaoishi katika nyumba za mbao na kuta za jasi, zenye umeme ambao hukatika kwa nadra. Ukivifuata ukiwa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, utanunua kifaa kinachoifaa nyumba ya mwandishi. Nyumba zetu zina kuta za tofali, paa la bati, na mara nyingi tangi la maji ya mvua lililojengewa ubavuni. Kila kimoja kati ya hivyo kina athari yake juu ya mawimbi ya redio. Hoja nitakayoishikilia ni hii: anayetaka kuchagua rauta aanze kwa kuisoma nyumba, dukani aende baadaye.

Tuanze na mwanga, maana ndiko kasi inakotoka. Mwaka 1966 Charles Kao, mhandisi mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, akishirikiana na George Hockham, alionyesha kwamba kioo hupoteza mwanga hasa kwa sababu ya uchafu uliomo ndani yake. Kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano umbali mrefu. Kiwango walichokitaka kilikuwa upotevu usiozidi desibeli 20 kwa kilomita, na mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning, Marekani, wakakifikia. Leo uzi mzuri hupoteza takriban desibeli 0.2 tu kwa kilomita. Yaani mwanga husafiri kilomita 15 ndipo nguvu yake inapungua nusu. Kao alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka huohuo, mwezi Julai, waya wa baharini wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam, na EASSy ukafuata 2010. Nchi kavu nako ukaanza kujengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na shirika la simu la taifa, TTCL.

Kutoka kituo cha mtoa huduma hadi nyumbani, mfumo unaotumika sana unaitwa GPON, ambao viwango vyake vilianza kutolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2003. Uzi mmoja unatoka kituoni, unagawanywa kwa kigawanyio cha kioo kisichotumia umeme wowote, na unahudumia nyumba 32 au hata 64. Mwanga unaoshuka kwa mteja una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, unaopanda nanomita 1310, ndiyo maana uzi mmoja unatosha kwa pande zote mbili. Kushuka ni karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde, kupanda nusu yake, na majirani wote wa kigawanyio kimoja wanagawana kiasi hicho. Ukutani kwako kuna kiboksi kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mafundi wanakiita ONT. Kikisoma mwanga wa kati ya −8 na −27 kwa kipimo cha dBm, kazi inakwenda. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: uzi umepindwa mno kwenye kona, kabati limeukandamiza, au nguzo imeanguka huko barabarani. Hapo hakuna rauta ya kusaidia, iwe ya elfu sitini au ya laki sita.

Mwanafunzi wa fani hii azoee mapema kuifuata hitilafu hatua kwa hatua. Je, simu inaiona rauta? Rauta inaiona ONT? ONT inaona mwanga? Kituo chenyewe kinafika duniani? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima na nchi jirani. Siku kama ile taa za nyumbani hubaki kijani zote, na mtu asiyejua kuuliza kwa hatua atazima na kuwasha rauta yake mpaka achoke, au ataitupa bure.

Sasa tusogee ukutani. Uamuzi mkubwa kuliko wa kununua rauta hufanyika siku fundi anapoleta uzi, na hufanyika haraka. Nguzo iko mbele ya nyumba, soketi iko karibu na televisheni, basi fundi anatoboa hapo. Rauta inaishia nyuma ya televisheni, pembezoni kabisa mwa nyumba, na nusu ya mawimbi yake yanahudumia barabara. Vyumba vya watoto viko nyuma, jiko liko uani. Mazungumzo yanayotakiwa siku hiyo ni mafupi:

“Mwanangu, hapo usitoboe kwanza. Nataka uzi uingie mpaka pale koridoni, juu ya mlango.”

“Shikamoo mama. Itaongezeka waya mita kumi na mbili, na juu ya dari kuna joto.”

“Marahaba. Pandisha, mwanangu. Hizo mita nitalipia.”

Mama huyo ameshinda kabla hajaingia dukani. Uzi wa ndani wa siku hizi, wa kundi liitwalo G.657, umesanifiwa kuvumilia kupindwa kwa nusu kipenyo cha sentimita moja, hivyo unaweza kufuata kona za nyumba bila shida. Ule wa zamani ulihitaji sentimita tatu. Kuuongeza mita kumi hakupunguzi kasi kwa kiasi cha kutajwa. Mawimbi ya redio nayo, yakiongezewa mita kumi na kuta mbili, hupungua vibaya.

Kwa nini hupungua? Historia kidogo itasaidia. Juni 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, kila kituo kikitumia masafa yaleyale kama wenzake. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikafungua, bila leseni, masafa yaliyokuwa yametengewa mitambo ya viwandani na majiko ya maikrowevu. Humo ndimo waifai ilimozaliwa: kiwango cha kwanza kilitoka 1997 kikiwa na megabiti 2 kwa sekunde. Vizazi vyake leo tunavijua kwa namba: Wi-Fi 4 ya mwaka 2009, Wi-Fi 5 ya 2013, Wi-Fi 6 iliyoanza kuthibitishwa 2019, na Wi-Fi 7 iliyoanza kuthibitishwa Januari 2024. Lakini hakuna kizazi kilichobadilisha sheria za mawimbi yenyewe. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, la gigahezi 5 sentimita 6 hivi. La kwanza linafika mbali na limejaa watu. La pili lina nafasi pana na kasi kubwa, ila linadhoofika mapema.

Kipimo chetu ni desibeli. Kila desibeli 3 zikipungua, nguvu imebaki nusu. Zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Simu yako, kwa programu yoyote ya kupima waifai, itakuonyesha namba hasi. Karibu na rauta ni kama −40. Ikifika −67 mazungumzo ya video bado ni safi. Kwenye −75 picha inaanza kukwama, na kwenye −85 mawasiliano yanakatikakatika.

Chukua nyumba ya kawaida ya Masasi, ya tofali za kuchoma. Ukuta mkavu wa tofali wa sentimita 20 hula desibeli 6 hivi. Wa zege wa unene huohuo hula kama 10 kwenye gigahezi 2.4, na kwenye gigahezi 5 hufikia 17. Hewa nayo ina ushuru wake: kila umbali ukiongezeka mara mbili, desibeli 6 zinaondoka. Rauta iko sebuleni mbele, mtoto anasoma chumba cha nyuma, umbali wa mita 8, kuta mbili katikati. Tukianzia −46 kwa mita moja kwenye gigahezi 5, umbali unatutoza 18 na kuta 12, tunafika −76. Mtoto anaona picha ya mwalimu ikiganda. Ihamishie rauta ileile koridoni: umbali unakuwa mita 4, ukuta mmoja. Umbali unatutoza 12, ukuta 6, tunabaki na −64. Desibeli 12 zimerudi, sawa na kuzidisha nguvu ya rauta mara 16, na sheria za nchi karibu zote haziruhusu rauta ya kuuzwa madukani iongezwe nguvu kiasi hicho. Hesabu hiyo ya penseli ndiyo kiini cha fani yetu. Naiweka mbele ya kila ushauri wa duka.

Sasa maji. Newala iko ukingoni mwa uwanda, na pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma likitandaa chini hadi Msumbiji. Ni mahali pazuri pa kutazama mvua, na pagumu kuyapata maji yake, kwa sababu mchanga wa uwanda huyanywa yakazama chini sana. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alieleza shida ya watu kuyafuata maji chini ya ukingo huo. Mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukiyapandisha kwa pampu kutoka mabondeni miaka mingi sasa, na bado nyumba nyingi zinategemea mifereji ya bati na tangi, la saruji au la plastiki. Kwa mawimbi ya waifai, tangi lililojaa ni kizuizi kikubwa kuliko ukuta wowote: sentimita kumi tu za maji hunyonya karibu nguvu yote ya wimbi la gigahezi 2.4. Tangi likisimama kati ya rauta na chumba cha wageni cha uani, chumba hicho kitapata tu mawimbi yanayozunguka pembeni. Na kuna jambo la kuvutia hapa: mwisho wa kiangazi tangi limepungua, mawimbi yanapita juu ya maji, mtandao wa uani ni mzuri, Januari tangi limejaa, mtandao umekufa, na mwenye nyumba anamlaumu mtoa huduma.

Bati halipitishi chochote, linarudisha. Paa la bati kwa hiyo si adui wa vyumba vilivyo chini yake, lakini banda lililozungushiwa bati pande zote ni kisiwa kisichofikika. Kabati lenye kioo kirefu cha kujitazamia lina utando wa metali nyuma yake, nalo linarudisha. Mkorosho ulio uani haupukutishi majani yote kwa pamoja, una kivuli kizito mwaka mzima, na majani mabichi yana maji. Usitegemee gigahezi 5 ipenye matawi yake kwenda nyumba ya pili.

Umeisoma nyumba. Sasa ndipo tuingie dukani, na hapo onyo langu la kwanza ni juu ya namba zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. AC1200 ni jumla ya megabiti 300 za gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5. AX3000 ni 574 na 2402. Simu ya kawaida inakuwa upande mmoja kwa wakati mmoja, hivyo jumla hiyo hakuna mtu anayeipata. Aidha, namba zenyewe ni kasi ya redio kabla ya makato ya mpangilio wa hewani; mtumiaji hubaki na nusu au zaidi kidogo, tena akiwa karibu. Baya zaidi, ziko rauta za AC1200 ambazo matundu yao ya waya ni ya megabiti 100. Ukiwa na kifurushi cha faiba cha megabiti 200, umekikata nusu kabla hakijafika hewani. Geuza boksi, tafuta maneno yanayotaja gigabiti kwenye tundu la WAN, linaloingiza intaneti, na matundu ya LAN, yanayoitoa kwa vifaa vyako. Yasipokuwepo, rudisha boksi kwenye rafu.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu au vinne yenye faiba, mimi ningenunua Wi-Fi 6 ya kiwango cha kati, yenye matundu ya gigabiti, iliyoidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, na kutoka kampuni inayoendelea kutoa masasisho ya programu. Wi-Fi 7 haina haraka, kwa kuwa kasi yake haiji mpaka simu na kompyuta za nyumbani nazo ziwe za kizazi hicho. Fedha inayobaki ningeiweka kwenye kebo. Nyumba ikiwa ndefu, kituo cha pili cha waifai kilichovutiwa kebo ya mtandao kutoka kwenye rauta kinashinda rauta yoyote kubwa ya antena nane. Vile virudishi vya kuchomeka kwenye soketi sivipendekezi: kila kimoja kinapokea na kutuma tena katika masafa yaleyale, hivyo kasi inakatwa kama nusu, na wanunuzi hukiweka mahali ambapo mtandao umeshakufa, kikarudia udhaifu uleule. Kebo nayo ichunguzwe. Iliyo ya shaba tupu ni nzito kidogo na bei yake iko juu. Ya alumini iliyopakwa shaba huvunjika ndani na kusumbua baada ya muda. Urefu usizidi mita 100. Kama inakwenda jengo lingine, weka uzi wa kioo badala ya shaba, kwa sababu ya radi, nitakayoirudia.

ONT aliyoleta mtoa huduma kwa kawaida haiondolewi, maana kituo kinaitambua kwa namba yake ya utambulisho. Rauta yako unaifunga nyuma yake. Omba ONT iwekwe katika hali ya daraja, yaani ipitishe tu, kazi ya kugawa anwani ifanywe na rauta peke yake. Wakikataa, zima waifai ya ONT ili masanduku mawili yasipigane hewani, kisha endelea. Matumizi mengi ya nyumbani hayatasumbuka.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo elimu hii inapopendeza na ndipo wauzaji wanapokaa kimya. Waifai ni kikao. Mmoja akizungumza, wengine wote wa chaneli ile wananyamaza wakisubiri zamu. Kinachogawanywa kwa hiyo ni muda wa hewani. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha tokeo lililowashangaza wengi: mshiriki mmoja mwenye kasi ndogo huwashusha wote wakaribie kasi yake, kwa sababu kila mtu anapewa zamu sawa ya kutuma, na yeye zamu yake inachukua muda mrefu. Simu ya zamani iliyo uani, kwenye −82, ikipakua filamu, inamla mtu aliye sebuleni mwenye simu mpya. Sasa unaona kwa nini mwenye nyumba analipia faiba ya megabiti 100 na kompyuta yake haifiki 15. Tiba yake ya kwanza ni kumsogezea wa uani kituo cha pili. Tiba ya pili ni rauta inayogawa zamu kwa muda badala ya idadi ya vifurushi vya data, yaani vipande vinavyotumwa kimojakimoja. Watafiti wa Linux waliifikisha kwenye rauta za kawaida kuanzia karibu 2017.

Ndugu wa tatizo hilo ni foleni. Mwaka 2010 Jim Gettys, akiwa Bell Labs, aligundua nyumbani kwake kwamba akituma faili kubwa, kila kitu kingine kinachelewa kwa sekunde nzima au zaidi. Watengenezaji walikuwa wamejaza kumbukumbu kubwa mno katika modemu na rauta, wakidhani wanazuia data isipotee. Data ikapangwa foleni ndefu, na kifurushi kidogo cha sauti ya simu kikawa mwisho wa foleni hiyo. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa tiba mwaka 2012, iitwayo CoDel: inapima kila kifurushi kimekaa foleni kwa muda gani, na ikiona foleni haiishi, inadondosha vichache ili mtumaji apunguze mwendo. Toleo lake linalotenganisha foleni ya kila mazungumzo, FQ-CoDel, limo katika programu huria ya OpenWrt, iliyoanza 2004 na inayoweza kuwekwa kwenye rauta nyingi.

Pima mwenyewe. Mtu mmoja atume video ndefu kwenda kwa ndugu Dar es Salaam, na wewe wakati huohuo uangalie muda wa majibu kwa programu ya ping. Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita laki 2 kwa sekunde, hivyo safari ya Masasi hadi Dar na kurudi kwa kioo peke yake ni milisekunde chache. Ukiona 20 au 30, ni sawa. Ukiona 800 wakati video inatumwa, tatizo lako ni foleni, na kuongeza kifurushi cha megabiti kunaweza kusaidia kidogo tu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wa huku wanatumia mtandao kwa mambo ambayo kuchelewa kunayaharibu: mtoto yuko darasani kwa video, baba anapiga simu ya picha kwa wajukuu, karani wa chama cha ushirika anafuatilia mnada wa korosho, ambao msimu wa 2024 uliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Hakuna kati yao anayehitaji megabiti 500. Wote wanahitaji jibu lisichelewe.

Umeme. Kigawanyio cha faiba hakitumii umeme, kama nilivyotaja. Kwa hiyo mtaa ukizimika, mwanga unaendelea kufika ilimradi kituo kina jenereta au betri. Kinachokosekana ni umeme wa ONT na rauta, jumla yake wati 15 au chini ya hapo. Betri ya lithiamu ya volti 12 na saa-ampea 6 itaziendesha karibu saa 5. Betri ya risasi ya saa-ampea 7 itatoa saa 3 ukitaka idumu, kwa kuwa kuimaliza kabisa kunaiua. Soma adapta kabla ya kuunga: nyingi ni volti 12, nyingine 9, nyingine 5, na ncha chanya iwe katikati au nje kama ilivyochorwa. Usiunge rauta moja kwa moja kwenye betri ya sola, maana ikichajiwa hupanda hadi volti 14.4, weka kidhibiti volti katikati.

Na radi. Msimu wa mvua huku, kuanzia Desemba hadi Aprili, radi hupiga kwa nguvu juu ya uwanda na kwenye milima ya mawe ya Masasi. Enzi za waya wa shaba wa simu, radi iliingia kwa waya huohuo hadi ndani ya modemu. Kioo hakipitishi umeme, na hiyo ni faida kubwa ya faiba isiyotangazwa vya kutosha. Tahadhari mbili zinabaki: waya wa chuma unaoushikilia uzi kutoka kwenye nguzo ukatwe na kufungwa nje, usiingie ndani, na plagi ya rauta ichomolewe ngurumo zikikaribia, kwa sababu njia ya umeme wa ukutani ingali wazi.

Usalama nitaupitia haraka. Badilisha nywila ya kuingilia mipangilio siku ya kwanza. Tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa tarakimu nane: mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba mvamizi anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 kuipata, kazi ya saa chache. Rauta ya mtumba isiyopata masasisho usiifunge, hata ukipewa bure.

Imebaki kazi yako wewe unayeingia. ITU ina pendekezo liitwalo P.2040 lenye majedwali ya jinsi zege, tofali, mbao, kioo, chuma, na hata ardhi kavu na mbichi vinavyoathiri mawimbi. Ukuta wa miti na udongo uliosiribwa haumo, wala tofali la mchanga wa Newala lililopigwa kwa mkono. Namba hizo zinaweza kupatikana kwa simu moja na daftari. Weka rauta juu ya stuli, urefu wa mita moja kutoka sakafuni, na simu juu ya stuli nyingine mita 3 mbali, pasipo ukuta kati yao. Lazimisha gigahezi 2.4, soma namba mara ishirini huku ukiizungusha simu kidogo kidogo, chukua wastani. Rudia kwa gigahezi 5. Kisha hamisha stuli ili umbali ubaki mita 3 ileile na ukuta uwe katikati, usome tena. Tofauti ya wastani mbili ndiyo gharama ya ukuta huo. Andika unene wake kwa futi ya fundi, umejengwa kwa nini, umepigwa plasta au la. Fanya hivyo Septemba ukuta ukiwa mkavu, urudie Februari mvua ikiwa imeulowesha, kwenye ukuta uleule na simu ileile, na tarehe ziandikwe pembeni.